Taa ya Mama Haionekani Kutoka Angani

Nyumbani, mtaa wa Ogrodowa
Jumapili, katikati ya Novemba

Kaka yangu Seweryn,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba baridi ya huko haijawatesa kupita kiasi. Sisi huku tunaendelea. Mvua imenyesha Oktoba nzima mpaka ghala la chini likaingia maji na viazi vikaanza kuoza, ila kabichi ya kuchachusha tumeiwahi. Safari hii mama ameniachia mimi niikande kwa chumvi, kwa sababu miguu yake imevimba na hawezi kusimama muda mrefu. Moyo wake nao si wa kujivunia. Daktari anampa vidonge, naye anavimeza kwa hasira kana kwamba daktari ndiye aliyemwambukiza.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Anwani hukunipa wewe, na aliyenipa nitamtaja mbele; tafadhali usimkasirikie. Miaka yote hii nimekuandikia barua kichwani tu, nyingi za matusi na chache za kubembeleza. Hii ndiyo ya kwanza kufika kwenye karatasi, na sijui bado itakuwa ya aina gani. Vumilia nianze na habari zangu, maana hata hizo huzijui.

Ulipoondoka nilikuwa napiga picha za pasipoti na za watoto wa komunyo ya kwanza, pale dukani kwa mzee Ignacy karibu na stesheni. Duka lilifungwa, mzee akaenda kuishi na bintiye. Sasa napiga picha za taa za mji, usiku, nikiwa ndani ya ndege. Cheka tu, mimi mwenyewe hucheka, mimi niliyekuwa naogopa kupanda ngazi ya kuchumia cheri. Manispaa inataka kujua taa zake zinafanya nini: zipi zimekufa, zipi zinamulika mawingu badala ya barabara, nani anauacha uwanja wa mpira ukiwaka na hakuna anayecheza. Kutoka chini mtu huoni hayo. Kwa hiyo kila mwaka, majani yakishapukutika na kabla theluji haijaanguka, tunapaa. Majani yakiwapo huzifunika taa, na theluji ikianguka huurudisha mwanga juu hadi kila kitu kikawa cheupe kama maziwa. Katikati hapo tunapata wiki chache, nazo, unazikumbuka, ndizo wiki za ukungu.

Rubani wangu ni Bwana Wacław, rafiki wa baba, yule aliyekuwa akinyunyizia dawa mashamba ya ushirika na kuwatisha kuku wa kila mtu. Ndege ni ile ile. Wameitoboa sakafu na kuifunga kamera ikitazama chini, nami napiga magoti kando yake nimevaa makoti mawili, upepo unanipuliza usoni. Tunakwenda na kurudi juu ya mji kwa mistari iliyonyooka, kama anayelima kwa trekta, kila mstari ukipanda kidogo juu ya mwenzake ili pasibaki pengo. Ndege ikiyumba hata kidogo, taa zinaburuzika pichani na mtaa mzima unakuwa kama umepitiwa na konokono. Bwana Wacław anasema Mungu alimpa mkono mtulivu na mdomo usiotulia, na mkewe yupo hai kuthibitisha yote mawili. Nikimwomba asogee kushoto kidogo, hunijibu, "Binti, hii ni ndege, si kitanda. Hapa hakuna kusogezana." Ninampenda yule mzee. Tangu baba atutoke, ndiye mtu pekee anayenigombeza kwa haki.

Mji wetu kutoka juu ungeujua mara moja. Mto San ni mweusi, madaraja yake mawili yanaukata, stesheni ni nyeupe, mtaa mpya nyuma ya kiwanda cha vioo una taa za bluu zisizopendeza, na upande wa kwetu, wa zamani, ni rangi ya chungwa. Makaburi ni shimo jeusi. Na mwisho kabisa wa Ogrodowa, mahali taa za manispaa zinapokoma na bustani za mboga zinapoanza, palikuwa na doa moja kubwa la chungwa, liko peke yake, linang'aa kuliko mtaa mzima. Lile lilikuwa la kwetu.

Hiyo taa wewe hukuiona ikiwaka. Ni ile ya yadi ya reli, aliyoileta baba nyumbani siku za mwisho za kazi yake baada ya kumwambia mkuu wa stesheni kwamba imeharibika. Ilikaa bandani imefunikwa gunia. Baada ya mazishi yake, mama alimwita Kazik, mkwe wa Bibi Pelagia jirani yetu, akaifunga juu ya paa, ikatazama kijia kinachopita bustanini kutoka stesheni. Alisema wewe hurudi kwa treni ya usiku siku zote, na kijia kile hakina taa, na mara moja ulipokuwa chuoni ulianguka kwenye mtaro wa Bibi Pelagia ukaingia nyumbani na tope hadi shingoni. "Akirudi asije akavunjika mguu," ndivyo alivyosema, akaibandika swichi kwa utepe wa umeme ili asiizime mtu kwa kusahau. Ikawaka hivyo kila usiku, kiangazi na kipupwe.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu, mhandisi Olgierd wa manispaa aliweka kidole juu ya lile doa kwenye skrini, akauliza ni nyumba ya mwendawazimu gani inayomulika kama gereza. Nikamwambia ni kwetu. Akauliza kuna nini huko. Nikajibu kuna mtu anangojewa. Alijikuna pua, akatazama dirishani, kisha kwenye ramani akaandika pale: reli. Kila mwaka ameandika reli, na hajawahi kuniuliza tena.

Sasa nisikufiche jambo, kaka. Hatukukuelewa. Ulikuwa ukipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Baba alipofariki nilikupigia mimi mwenyewe, ukalia, ukasema unakuja. Mama alikutandikia kitanda. Padri alikubali kuyasogeza mazishi mbele kwa ajili yako, jeneza likakaa likikungoja kanisani, na watu wakaanza kutazamana. Hukuja. Jumapili iliyofuata simu haikulia, na baadaye namba yenyewe ikafa. Mimi nilisema umeona aibu, na aibu ikikaa huota mizizi. Mama alilikataa neno hilo kata kata. Alisema mwanawe hawezi kumwonea aibu mama yake mzazi. Ama umepata ajali njiani, ama umepoteza kumbukumbu, ama uko gerezani, lolote lile isipokuwa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nikaacha kubishana.

Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote tulikwenda makaburini kama watu wengine, tukasugua jiwe la baba, tukapanga maua na mishumaa ya vioo. Unaujua ule msalaba mkubwa wa katikati, mahali wanapowasha mishumaa wale ambao wafu wao wamezikwa mbali au hawajulikani walipo. Mama alikuwa akiupita akiwa ametazama upande mwingine. Mwaka mmoja Bibi Pelagia alimshika mkono akamwambia kwa upole kwamba labda naye awashe mmoja pale, roho itapumzika. Mama akamjibu, "Pelagia, wewe unao mume mzima nyumbani anakunywa. Mwashie yeye." Hawakusemezana hadi Krismasi.

Basi, mwaka huu. Ukungu na mvua vilitufungia chini Oktoba yote. Manispaa inapiga simu, Bwana Wacław anatazama juu na kulaani, mimi nafuta lenzi isiyo na vumbi. Kisha asubuhi ya sikukuu yenyewe mbingu ikafunguka, hakuna hata wingu la dawa. Jioni hiyo hatupai kamwe, kwa sababu mishumaa ya makaburini huivuruga ramani, na kwa sababu mtu mwenye baba kaburini hana kazi nyingine jioni hiyo. Lakini utabiri ulisema theluji inakuja. Nilimweleza mama nikitarajia ugomvi. Alikuwa akifunga matawi ya misonobari kwa uzi, akaniambia niende tu, yeye atakwenda na Pelagia. Aliniambia pia nivae soksi za sufu. Ningepaswa kushangaa, lakini nilishukuru tu nikatoka.

Kaka, sijawahi kuona kitu kama kile. Makaburi, yale niliyokwambia ni shimo jeusi mwaka mzima, yalikuwa yanawaka. Haukuwa mwanga wa taa. Ulikuwa mwekundu na wa dhahabu, laini, umejaa hadi kwenye ukuta na kumwagikia barabarani kwenye vibanda vya maua. Mji mzima ulionekana hafifu kando yake. Bwana Wacław alinyamaza, na hilo peke yake ningelipigia picha kama lingepigika. Mwishowe akasema, "Watazame. Wana mji wao, na manispaa haiwadai kitu." Nikalia kidogo kwa ajili ya baba, kwa raha, kama mtu anavyolia sikukuuni.

Mstari wa Ogrodowa huwa wa mwisho. Nilitazama skrini nikaona giza pale mwisho. Nikadhani tumeupoteza mstari. Nikaanzia darajani, nikafuata kanisa, duka la mikate la Gustaw, shule, nikafika kwetu, giza. Nikamwambia Bwana Wacław taa ya mama haipo. Akasema haiwezekani, akalaza bawa ili aone kwa macho yake, na picha ya dakika ile ninayo, taa zote za mtaa zimeburuzika kama mvua ya upepo. Akasema labda umeme umekatika. Lakini madirisha ya Bibi Pelagia yalikuwa yanawaka.

Hapo nikajua mama amekufa. Sikujiuliza hata maiti inazimaje taa. Nilimwambia Bwana Wacław tumalizie mstari, sauti yangu ikiwa ya mtu mwingine, naye akasema mstari utangoja, akageuza ndege palepale. Tulipotua hakuifunika hata injini. Alinipakia garini mwake akaendesha vibaya kuliko anavyorusha, akisali kwa sauti na kuwatukana waliokuwa wakitembea barabarani na mishumaa yao.

Nyumba ilikuwa imefungwa, mbwa anabweka. Nikafungua. Nikaita. Kitanda kimetandikwa, jiko la makaa limepozwa, kikombe kimeoshwa. Nikaenda kwenye swichi. Utepe ulikuwa umebanduliwa, umekunjwa vizuri, umewekwa dirishani. Nikaiwasha taa, ikawaka. Nikaizima tena haraka kama aliyeshika kisicho chake. Kwa hiyo alikuwa ameizima yeye mwenyewe, na kwa utulivu.

Tulifika makaburini watu wakitoka. Langoni Bibi Pelagia aliniona, akanikumbatia kwa nguvu hadi kofia ikaanguka. "Pole, mwanangu. Pole sana. Heri ijulikane moja. Nimelisikia jina kwenye kipaza sauti. Na mama yako yule, njiani kote hajanena neno! Mmepata habari lini?" Nikamuuliza jina gani. Akanitazama kama anayenusa pombe. "La Seweryn. La nani jingine?"

Desturi hujaisahau, nadhani. Watu hupeleka parokiani majina ya marehemu wao, na jioni ile padri huyasoma makaburini, na umati huitikia sala. Padri wetu wa zamani angemrudishia mama karatasi na kumkaripia. Lakini huyu wa sasa, Padri Hieronim, amekuja majira ya kuchipua, hakujui wewe wala kisa chako. Alisoma alichoandikiwa. Alisoma jina la babu, la baba, kisha marehemu Seweryn Gawlik, na mji mzima uliokujua tangu ukiwa unaiba matufaha ukaitikia, raha ya milele umpe, ee Bwana.

Mama nilimkuta chini ya msalaba mkubwa, ameketi kwenye kile kistuli chake cha kukunja, mshumaa wa kioo chekundu miguuni pake kati ya mamia ya mingine. Nikamuuliza amefanya nini. Alinipa mkono nimwinue. "Nimechoka, Otylia," akasema. "Twende nyumbani, miguu inaniuma."

Kesho yake, Siku ya Marehemu, watu walianza kuja. Wewe unawajua. Keki za mbegu za mpopi, supu kwenye sufuria zilizofungwa taulo, Bibi Pelagia na maandazi yake ya uyoga yanayotosha jeshi. Mama alivaa nguo nyeusi, akawapokea, akapewa pole, akajibu asante. Hakuna aliyethubutu kuuliza umefia wapi. Mimi nilikuwa natokota. Walipoondoka nilimfuata jikoni nikamwambia yote. Nikamwambia aliyepotea si maiti, kwamba ni dhambi kumsomea sala ya wafu mtu usiyejua yuko wapi, kwamba siku zote alikuwa yeye ndiye anayetukataza kukata tamaa, sasa amewalisha watu keki za matanga ya uongo. Alikuwa anamenya viazi, akavichagua vilivyooza akavitupa, hakuinua kichwa.

"Nani kakwambia sijui yuko wapi?" akaniuliza. "Yuko Trondheim. Anauza samaki. Amenenepa."

Nilikaa chini. Akaendelea kumenya, akanieleza kama anayeeleza habari za jirani. Mei mwaka huu Kazik alipeleka lori huko kaskazini, ng'ambo ya bahari, akaingia sokoni kununua chochote cha njiani, akakukuta wewe nyuma ya meza umevaa aproni, na mtoto wa kike amekupanda mabegani. Ulimwomba asiseme. Kazik akakwambia kuhusu baba, nawe ukasema unajua. Akakwambia kuhusu taa: kwamba ni yeye aliyeifunga, kwamba inawaka kila usiku, kwamba mama hulala ameelekea dirishani. Alirudi akajaribu kunyamaza kama ulivyotaka, lakini kitanda chake kinatazama paa letu. Akaja kwa mama akiwa amevua kofia, akamwambia. Mama akamwapisha asimwambie mtu, hata mkewe, hata mimi.

Nikamuuliza mama kwa nini basi hakuizima siku ile. Hapo ndipo alipoacha kumenya. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana ni yako kuliko yangu.

"Ningeizimaje? Mpaka Mei alikuwa hajui kama inawaka. Sasa alikuwa anajua. Nikasema, sasa ndiyo inafanya kazi. Mwezi wa Mei nikasema ana shughuli. Juni nikasema anaona aibu, wewe ulisema kweli, samahani. Plamu zikaiva, nikamwekea jamu. Nikasema atakuja kwa ajili ya makaburi, hakuna mtu wa kwetu asiyerudi kwa makaburi. Wiki yote ile nilikaa dirishani kwa kila treni, kijia kimemulikwa, unaona hata panya akivuka. Nimeona panya wengi. Aliye hai akichelewa, Otylia, mama yake ana swali la kuuliza kila usiku. Aliyekufa hachelewi. Nimechoka kuuliza."

Nilimwambia hiyo ni dhambi. Akasema ya kwake ataibeba yeye, na yako uibebe wewe. Kisha akanituma makaa.

Usiku ule nilikwenda kwa Kazik nikampigia kelele mbele ya mkewe na Bibi Pelagia. Yule mtu mkubwa kama mlango alilia. Akanipa jina la soko na la mtaa, akanieleza pia yale aliyomficha mama. Kwamba uliposikia habari za taa uliendelea kufunga samaki kwenye karatasi, ukafunga na kufunga hadi karatasi ikawa furushi, na ulipompa ukasema, "Nimeshachelewa mno." Sasa unajua nani alinipa anwani. Usimkasirikie. Amekutunzia siri vizuri kuliko ulivyotutunza sisi.

Bibi Pelagia, nikwambie ucheke kidogo, alidai arudishiwe sufuria yake ya maandazi, kwa kuwa hakuna maiti. Kisha akafikiri, akasema basi yabaki, maana mfiwa yupo. Mtaani hawajaambiwa lolote. Mhandisi Olgierd alinipigia simu juzi kuhusu ramani, akanipongeza kwamba ile taa ya reli hatimaye imeondolewa. Nilimwambia ndiyo. Akasema pole, kwa hiyo kumbe alikuwa anakumbuka.

Kaka, nilikaa mezani leo mchana nikiwa nimekusudia kukuamuru. Nilitaka kukuandikia upande treni kabla jina lako halijasomwa tena, kwa kuwa Padri Hieronim atayasoma majina kila Jumapili ya Novemba, na leo asubuhi kalisoma, nami niliinama nikajifanya natafuta glavu. Nilitaka kukwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja, njoo ulikanushe kwa miguu yako. Lakini barua imenipeleka kwingine. Wakati naandika, mama amelala chumbani mchana kweupe na nasikia akikoroma. Miaka yote hii alikuwa akiamka kwa kila treni. Sasa treni inapita, vikombe vinatikisika kabatini, naye hageuki. Anakula. Anakutaja. Zamani ilikuwa marufuku kusimulia habari zako kwa wakati uliopita; sasa yeye ndiye anayesimulia, jinsi ulivyomfungia paka kwenye sanduku la barua, jinsi ulivyoimba wimbo wa Krismasi kwa sauti ya mbuzi, na anacheka mpaka anashika moyo. Umekuwa mtoto mzuri sana, kaka. Marehemu wote ni watoto wazuri.

Kwa hiyo sikiliza, na usione ni hasira inayosema. Hasira ninayo, lakini imekaa pembeni. Nimekulilia pale makaburini kama mjinga, kwa dakika zile chache nilizoamini umekufa, na nilipojua u hai nililia zaidi. Nakupenda. Ukitaka kurudi kukaa, kuwa mwanawe kila siku, kumpeleka kwa daktari na kugombezwa naye, njoo hata kesho, usibishe hodi, ingia. Moyo wake ukistahimili ni kheri, usipostahimili atakuwa amekuona. Lakini ukitaka kuja kwa wiki moja na zawadi za watalii, ulie, uahidi, urudi huko, na simu ife tena, basi nakuomba, mimi mdogo wako, usije. Mama hawezi kukuzika mara mbili.

Jambo moja nakuomba kwa ajili yangu mwenyewe. Mama alimuuliza Kazik jina la yule mtoto wako, Kazik akawa hakuuliza. Niandikie jina lake. Tuma kwenye uwanja wa ndege kwa mkono wa Bwana Wacław, si nyumbani. Sitamwambia mama mpaka nijue wewe umeamua nini. Nataka tu nilijue, nimwite kimoyomoyo ninapokuwa juu.

Nimekutilia humu picha ya makaburi. Manispaa wanaitaka kwa kalenda, lakini nakala ya kwanza ni yako. Pale katikati, panapong'aa zaidi, ndipo ulipo msalaba. Mmoja katika mishumaa ile ni wako, siwezi kukuonyesha ni upi.

Bwana Wacław anakusalimu, anasema anakumbuka ulivyomtapikia ndegeni ukiwa mdogo na hajakusamehe. Kazik anakusalimu na kukuomba radhi. Bibi Pelagia hajaamua kama akusalimu. Msalimie mkeo nisiyemjua, na umbusu mtoto kwenye paji la uso.

Mama hakusalimii. Anakuombea.

Mimi mdogo wako,
Otylia